Kokoto Ndani ya Bido

Asubuhi ya Ndosho, mtaa wetu wa Goma, inaanza na bido, lile dumu la plastiki la maji. Mtu anaitikisa uani kwake, kokoto zinagonga plastiki kwa ndani, jirani anasikia naye anachukua yake, na kabla uji haujaiva mtaa mzima unatikisa. Nimezaliwa ndani ya sauti hiyo. Mama yangu alinifundisha ningali mdogo: unaokota kokoto nyeusi za volkano, zile ndogo zenye meno, unazitia ndani ya bido ya njano pamoja na maji kidogo, unafunga kifuniko, unatikisa mpaka bega lilie. Maji ya kwanza yanatoka machafu, ya mwisho yanatoka meupe, na mama anachungulia kwa jicho moja kwenye mdomo wa bido, anasema, "Eeh, sasa hii njo bido." Kwetu mwanamke asiyetikisa bido yake anaitwa mchafu, na jina hilo humtangulia kufika ziwani.

Kokoto zenyewe hatununui. Mlima umetumwagia za kutosha. Ukichimba msingi unazikuta, ukichimba choo unazikuta, ukianguka unazikuta kwenye goti.

Mimi riziki yangu ni vijidudu. Nafundisha chuo kikuu hapa hapa Goma, nina doktora, nina koti jeupe lenye doa la zambarau ambalo halikubali sabuni, na cheo changu ni kile kinachokaa chini kidogo ya profesa, mahali ambapo mtu anaweza kuzeekea huku wanafunzi wake wakimpita. Mama yangu, mjane wa dereva wa malori kutoka Maniema, hakuwahi kuniuliza vijidudu ni nini. Alichouliza ni kimoja: "Watakuvalisha ile robe lini?" Robe ni joho la profesa. Kikwembe, kitenge kipya cha kuvaa siku hiyo, alikuwa amekwisha kukinunua, kimekunjwa ndani ya sanduku na naftalini, na kila Idi alikitoa, akakikung'uta, akakiangalia, akakirudisha. Bila kunitazama. Wallahi, afadhali angenipiga.

Basi, mambo yalianza hivi. Pale ufukweni, watu wanapochota, wapo wamama wanaosimama na bomba la sindano na kutia klore, dawa ya kuua vijidudu, ndani ya kila bido inayopita, ili maji ya ziwa yasimletee mtu kolera, yaani kipindupindu. Kazi nzuri, sina neno. Maji yanatoka pale yakiwa salama, nimeyapima mwenyewe. Lakini nilipoyapima tena nyumbani kwetu, kesho yake, ndani ya bido ile ile, klore ilikuwa imekwisha na vijidudu vimerudi, vimetulia kama wenye nyumba. Nikapima kwa jirani, hivyo hivyo. Nikapanda mpaka Munigi, ambako maji yanafika juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, hivyo hivyo. Ila kwa wale wachache wenye bido mpya, hapana: kwao klore ilidumu. Sasa ndani ya bido ya zamani mlikuwa na nini? Nikachukua bido ya mama yangu, nikaazima msumeno, nikaikata katikati.

Muulize mtu yeyote wa Goma bido ni nini ndani ya nyumba. Watu wanaziandika alama, wanazifungia mlango, wanagombana na mashemeji kwa ajili yake. Mama alirudi kutoka sokoni akaikuta uani, nusu huku, nusu kule.

"Nani alikufa?" aliuliza. Alidhani ni wazimu wa msiba. "Nani alikufa, mpaka unakata bido yangu?"

"Mama, njoo uone ndani."

"Sioni kitu! Ninaona bido yangu iko mbili!"

Ndani, plastiki yote ilikuwa imechubuka. Mistari juu ya mistari, na kwenye mistari ule utelezi ambao ukipitisha kidole kinateleza. Nikaukwangua, nikaupeleka labo, maabara yetu ya chuo, nikaupanda kwenye visahani, nikaviweka ndani ya kasha la joto, na umeme ulipokatika nikavifunga kwa kitenge pamoja na chupa za maji moto kama mtoto njiti. Vikaota mpaka vikafunika sahani. Kokoto, hizi hizi zetu, zilikuwa zinatoa uchafu wa leo na kuuchimbia nafasi uchafu wa kesho. Kila asubuhi mtaa mzima ulikuwa unawajengea vijidudu nyumba, kwa bidii, kwa jasho, na kwa sifa ya usafi. Nikajaribu kuosha bido mpya kwa sabuni na kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, bila kokoto. Klore ikadumu. Nikaandika makala.

Hapa lazima nieleze mambo ya makala, maana nje watu wanadhani tunaandika ili tusomwe. Masikini! Makala unaipeleka kwenye jarida, mara nyingi la Ulaya. Huko wanaisoma watu usiowajua, wanakurudishia maneno makali, unatengeneza, wakiridhika wanaichapisha. Jarida langu lilitaka pia malipo, na benki za mji zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya vita. Nikaomba msamaha unaotolewa kwa nchi masikini, wakanipa. Halafu sasa mchezo wenyewe unaanza: kutajwa. Mtu mwingine akiandika makala yake, akasema mle kwamba alisoma yako, umetajwa. Kuna mashine kwenye mtandao inayohesabu kutajwa huko, na inakupa namba. Komisyo, ile tume ya wazee wanaoamua nani awe profesa, haisomi makala yako. Inafungua mashine, inaangalia namba. Unaweza kuokoa mtaa mzima na namba yako ikabaki yai tupu.

Na mtu wa Goma atatajwa na nani? Wenzetu wa Ulaya wanatajana wenyewe kwa wenyewe, wanajuana, wanakunywa kahawa pamoja. Mmoja wa wale wasomaji wa jarida aliniandikia kwamba swali langu la bido ni "la kienyeji mno". La kienyeji! Kolera nayo ingekuwa na adabu ya kuuliza hilo kabla ya kuingia kwa mtu, tungeshukuru.

Ndiyo maana idara yetu ilianzisha likelemba. Kwa asiyejua, likelemba ni kikundi cha watu wanaochanga kila mwezi, mmoja anachukua yote, mwezi ujao zamu ya mwingine. Wamama wa soko wanasomesha watoto kwa likelemba. Sisi walimu tukafanya likelemba ya kutajana. Kila makala inayotoka idarani lazima imtaje mwenye zamu, hata kama yeye aliandika juu ya kuvu wa mihogo na wewe unaandika juu ya vidonda vya mbuzi. Usicheke. Ukifungiwa nje ya karamu ya watu, unapika yako. Mimi mwenyewe nililipa, nikamtaja huyu na yule, mambo yasiyodhuru mtu. Na zamu yangu ilikuwa inakaribia. Zamu ile ingeinua namba yangu mpaka pale komisyo inapotaka, na mama angefungua sanduku.

Aliyenitangulia kwenye zamu alikuwa shefu wetu, mkuu wa idara. Ni muzee wa Butembo, mkatoliki wa misa ya kwanza, mcheshi, na ndiye aliyenifundisha kushika ile waya ya kupandia vijidudu, akiniambia, "Polepole, mutoto yangu, haupake siagi kwa mukate." Nampenda. Mpaka leo nampenda. Lakini shefu aliwahi kuandika makala yake juu ya njia rahisi za kusafisha vyombo vya maji, na mle ndani alizisifu kokoto. Aliangalia maji yanayomwagwa, akaona yanatoka meupe, akaandika kwamba desturi hii ni nzuri, ni ya bure, iendelezwe. Watu wa misaada wakaichukua, wakachora mama anayetikisa bido huku anatabasamu, wakaibandika picha hiyo kwenye vituo vya afya. Hakukata bido. Nani angekata bido?

Aliniita ofisini kwake kabla sijaituma makala. Alikuwa ameichapa kwenye karatasi na kuipigia sentensi moja mstari mwekundu. Sentensi hiyo ninaijua kwa moyo: kokoto zinachubua bido kwa ndani, na kwenye michubuko hiyo vijidudu vinajificha, klore haivifikii, ziachwe.

"Makala nzuri," alisema. "Nzuri kabisa. Hii moja tu, utoe."

"Shefu, hii njo makala yenyewe. Ingine yote ni maelezo."

"Utaandika: usafi wa bido uangaliwe zaidi. Halafu unanitaja, vile likelemba inaomba. Kisha zamu ni yako, na komisyo inakaa baada ya pale. Uko na haraka ya nini? Ukiwa profesa utaandika kokoto zako zote."

"Na watu wanaokunywa mayi leo?"

"Watu walikunywa hii mayi tangu zamani."

"Na walikufa tangu zamani, Shefu."

Alivua miwani, akaifuta na tai, akaivaa tena. "Unataka kunivua nguo mbele ya watu, mutoto yangu? Juu ya tumawe twa barabarani?" Hakusema kwa hasira. Alisema kwa sauti ya mtu aliyeumia. Nikaomba nafasi ya kufikiri.

Nilirudi Ndosho kwa miguu, nimefura mpaka nikampita jirani bila salamu, jambo ambalo kwetu linakaribia kuwa kosa la jinai. Nilimkasirikia shefu. Nilijikasirikia mimi, kwa sababu njiani nilikuwa nimeanza tayari kutafuta maneno laini ya kuweka mahali pa ile sentensi, na nilikuwa nayapata. Nilikikasirikia hata kikwembe. Lakini zaidi niliikasirikia ile mashine, inayotupangia nani ni nani na kumbe haijui hata kusoma. Hapo, mbele ya fundi anayechomelea milango, nikasimama katikati ya njia, motari mmoja juu ya pikipiki yake akanipigia honi na kunitukana.

Haijui kusoma! Inahesabu jina, basi. Umtaje mtu kwa kumsifu, umtaje kwa kumpinga, kwake yote sawa.

Nikaingia ndani, nikaketi, nikamlipa shefu likelemba yake. Nilimtaja alivyoagiza, na nikaongeza. Mwanzoni niliandika kwamba kokoto zimewahi kupendekezwa, nikamtaja. Katikati niliandika kwamba kinyume na pendekezo hilo bido zilizotikiswa ndizo zilizokuwa na vijidudu vingi, nikamtaja. Mwishoni niliandika kwamba pendekezo hilo liachwe, nikamtaja tena. Kwa adabu, bila tusi, jina lake limeandikwa vizuri kila mahali. Sentensi yangu nikaiacha pale pale. Nikatuma, na baada ya miezi makala ikatoka.

Na namba ya shefu ikapanda. Haki ya Mungu! Makala yake ya kokoto, iliyokuwa imelala usingizi wa pono, ikaamka, na mashine ikamtumia ujumbe wa hongera kwamba kazi yake inazidi kutajwa. Wenzangu walicheka mpaka wakashika ukuta, wakisha kuhakikisha kwamba hayupo. Yeye hakucheka. Aliniita tena, na safari hii mlango ulibaki wazi.

"Uliniua," alisema.

"Nililipa, Shefu. Nilipitisha hata kiasi."

"Unajua ninasema nini."

"Ninajua. Na Shefu anajua niliona nini ndani ya bido. Mutu yeyote wa idara akate ya kwake. Akikuta haina michubuko, nitaandika mimi mwenyewe kwamba nilikosea."

Hakuna aliyekata. Likelemba ilikutana bila mimi, zamu yangu ikapewa mwingine, kwa sababu eti nimevunja roho ya kikundi. Komisyo nayo ikakaa, ikafungua mashine, ikaona namba yangu, ikafunga. Nikaambiwa nijitahidi. Nijitahidi nini? Niliwauliza pale pale barazani, mbele ya watu, kama kuna mmoja wao aliyesoma makala. Mmoja akajibu kwamba komisyo haina muda wa kusoma kila kitu. Nikamwambia basi wanunue mizani ya sokoni, wapime makala kwa kilo, watamaliza mapema zaidi. Hilo nalo halikunisaidia. Sijuti, na wakikaa tena nitalisema tena.

Kazi iliyobaki ilinishinda nguvu kuliko komisyo: kumwambia mama. Na mama, jamani, alikuwa bado anatikisa. Nilimwonyesha visahani, akasema vinanuka. Nilimsomea makala kwa Kiswahili, akasinzia. "Nilikulea na mayi ya bido ya mawe," aliniambia. "Ulikufa?" Ile bido mpya niliyomnunulia badala ya ile niliyoikata, aliitia kokoto siku ile ile, akaitikisa huku ananikodolea macho.

Nilimkuta uani anachambua sombe, yale majani ya muhogo. Sikuzunguka. "Mama, robe hakuna."

"Mwaka huu?"

"Sijui mwaka gani."

Mikono yake ikasimama. "Ulifanya nini?"

Nikamweleza. Likelemba aliielewa kuliko komisyo nzima. Akauliza hata nani alikuwa anashika zamu na kwa nini walikubali kuingiza uongo kwenye kitu cha kuaminiana. Nikamweleza sentensi.

"Sasa walikuambia: toa neno moja la mawe, tukupe robe?"

"Ndiyo."

"Na ukakatala."

"Nikakatala."

Nililia hapo, sifichi. Nililia kwa hasira, na kwa ajili ya kile kikwembe kilichokuwa kinanuka naftalini ndani ya sanduku. Hakuninyamazisha. Alirudi kwenye majani yake, akang'oa vikonyo, akavitupa.

"Baba yako," alisema, "aliacha lori kule barabarani na mizigo yake yote, juu tajiri alimwambia aendeshe bila breki. Alifukuzwa kazi. Nilimutukana sana." Akachukua fungu jingine la sombe. "Breki kweli haikukuwako."

Kesho yake asubuhi Ndosho nzima ilitikisa, na uani kwetu palikuwa kimya. Nikatoka nje nione kama anaumwa. Alikuwa amechutama juu ya bido yake na kijiti na kitambaa, anasugua, analaani kijiti kwa sababu hakifiki kwenye pembe.

Jumamosi iliyofuata bomba la mtaa lilitoa maji, tukaenda wote wawili. Foleni ilikuwa ndefu. Mbele yetu alisimama jirani yetu mmoja, mama mwenye sauti, ambaye bido yake inasifiwa barabara nzima, na alikuwa anaitikisa huku anangoja. Mama akaitua yake chini.

"Mama, mwaga hiyo mawe."

"Mawe imefanya nini?"

"Inakwaruza bido. Mikrobe inalala mule. Mutoto yangu aliandika."

Jirani alinitazama toka juu mpaka kwenye kandambili zangu. "Huyu? Alishakuwa profesa?"

Foleni yote iligeuka. Nilitamani ardhi ipasuke. Kwetu imewahi kupasuka kwa mambo madogo kuliko hayo. Nikamvuta mama kwenye mkono wa nguo, akautoa mkono wangu.

"Hapana," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni. "Walimunyima. Juu ya hii mawe. Walimuambia anyamaze, wamupe robe, akakatala. Sasa robe ya mutoto yangu iko ndani ya bido yako, na wewe unaitikisa tu. Mwaga!"

Jirani aliikumbatia bido yake, akanitazama tena, safari hii usoni. Kisha akafungua kifuniko, akaiinamisha, kokoto zikamwagika barabarani juu ya kokoto nyingine. Nyuma yetu nikasikia kifuniko kingine kinafunguliwa.